Kumbukumbu na Kalenda: Namna ya Kutumia Sheria Dhidi ya Ubaguzi na Unyanyasaji Kazini

Mfanyakazi anayeonewa kazini huanza kuitafuta sheria, mara nyingi, siku ambayo tayari amechelewa: barua ya kuachishwa kazi iko mkononi, meseji alizotukanwa zimepotea pamoja na simu ya zamani, na mwenzake aliyeshuhudia mambo amehamia kwingine na hapokei simu. Sheria zenyewe si haba. Nchi nyingi zina katiba, sheria za kazi na mikataba ya kimataifa inayokataza ubaguzi na unyanyasaji, na baadhi ya sheria hizo zimeandikwa kwa namna inayompendelea mlalamikaji kuliko wengi wanavyodhani. Kinachopungua ni kumbukumbu na siku. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa kwa muda mrefu zaidi kwenye mambo ya kufanya kabla ya kufika mbele ya msuluhishi au hakimu, kwa kuwa huko ndiko mashauri mengi yanakopotelea.

Kwanza, jua kama jambo lako ni ubaguzi

Sheria za ubaguzi hazikatazi ukali. Msimamizi anayewafokea wafanyakazi wote bila kuchagua anaweza kuwa amevunja kanuni za utumishi au sheria za afya na usalama kazini, lakini hajabagua. Ubaguzi kwa maana ya kisheria unahitaji kuwapo sababu ambayo sheria imeitaja. Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unaueleza kuwa ni tofauti yoyote, kutengwa au upendeleo unaotokana na rangi, jinsi, dini, maoni ya kisiasa, au asili ya mtu kitaifa au kijamii, na ambao unaondoa au kupunguza usawa wa fursa au wa kutendewa katika ajira. Nchi zimeirefusha orodha hiyo kila moja kwa njia yake. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 kinataja pia kabila au mahali mtu alipotoka, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, virusi vya UKIMWI na umri. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaongeza lugha. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1967 kuhusu ubaguzi wa umri inawalinda wenye miaka 40 na kuendelea tu, kwa hiyo kijana wa miaka 25 aliyenyimwa cheo kwa kuambiwa kwamba bado mdogo hawezi kuitegemea.

Kazi yako ya kwanza, basi, ni kuitafuta orodha ya nchi unakofanya kazi na kuisoma neno kwa neno, kisha kujaribu kukamilisha sentensi hii kwa maandishi: nimetendewa jambo hili, fulani, ambaye kazi na sifa zetu zinafanana, hakutendewa hivyo, na tofauti yetu, katika zile zilizotajwa na sheria, ni hii. Ukiweza kuijaza sentensi hiyo kwa mambo halisi, una msingi wa kuanzia. Ukikwama kwenye sehemu ya pili, yaani huna mtu wa kujilinganisha naye, bado hujashindwa, kwa sababu kauli iliyotoka kinywani mwa mwenye mamlaka inaweza kuziba pengo hilo. Mjamzito aliyeambiwa waziwazi kwamba hapandishwi cheo kwa sababu ya mimba hahitaji kumtafuta mwenzake asiye na mimba ili ajilinganishe naye. Ukikwama kwenye sehemu ya tatu, huenda shauri lako ni la uonevu wa aina nyingine, na ni afadhali ulijue hilo mapema kuliko kuambiwa na mwamuzi.

Usiishie kwenye ubaguzi wa wazi. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Griggs dhidi ya Duke Power, ilimkuta mwajiri aliyedai cheti cha sekondari na kufaulu mitihani ya jumla kwa kazi ambazo hazikuhitaji lolote kati ya hayo, na athari yake ikawa ni kuwafungia nje wafanyakazi Weusi. Mahakama ilisema kwamba nia njema ya mwajiri haitoshi iwapo sharti linawaengua watu wa kundi fulani na halina uhusiano na kazi yenyewe. Sharti lolote linaloonekana la haki kwa wote, kama vile kimo, kufanya kazi siku fulani ya ibada, au kuwa tayari kuhamishwa wakati wowote, linaweza kuhojiwa kwa njia hiyo. Upande wa pili nao una kinga yake: sifa ambayo kazi haiwezi kufanyika bila hiyo si ubaguzi, na hatua za makusudi za kuwainua walioachwa nyuma hazihesabiwi kuwa ubaguzi katika sheria nyingi.

Unyanyasaji na mipaka ya mahali pa kazi

Unyanyasaji wa kingono una sura mbili zinazotambuliwa karibu kila mahali. Ya kwanza ni ile ya kuuziana: kazi, cheo, zamu nzuri au kuongezewa mkataba kwa kubadilishana na mwili. Nchini Tanzania mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa huduma au haki anaingia pia kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kwa hiyo jambo hilo ni jinai na linaweza kupelekwa TAKUKURU, taasisi ya serikali inayopambana na rushwa, sambamba na njia za kazi. Sura ya pili ni mazingira ya kudhalilisha: mizaha, picha, kuguswa, maswali kuhusu maisha ya faragha, mpaka kazi inakuwa mateso ingawa hakuna aliyedai chochote. Mahakama ya Juu ya Marekani iliitambua sura hii ya pili mwaka 1986, na Mahakama ya Juu ya India ikatoa miongozo yake mwaka 1997, miaka 16 kabla Bunge la nchi hiyo halijatunga sheria kamili.

Unyanyasaji si lazima uwe wa kingono. Sheria ya Tanzania inasema kwamba kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu yoyote iliyomo katika orodha yake ni aina ya ubaguzi, na hivyo anayedhihakiwa kila siku kwa kabila au ulemavu wake anapita mlango uleule.

Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, umeyajibu maswali mawili yaliyokuwa yakiwasumbua walalamikaji. Swali moja ni kama tukio la mara moja linatosha. Mkataba unajibu kwamba tendo linaweza kuwa la mara moja au la kujirudia. Jingine ni wapi kazi inaishia. Mkataba unajumuisha mahali pa kulia chakula na kupumzikia, vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo, safari za kikazi, mafunzo, hafla, mawasiliano ya kielektroniki yanayohusu kazi, makazi yanayotolewa na mwajiri, na hata njia ya kwenda na kurudi kazini. Unawalinda pia walio kwenye mafunzo ya kazi, wanaojitolea, waliokwisha kuachishwa na wanaoomba kazi. Angalia kama nchi yako imeuridhia. Afrika Kusini, Uganda na Rwanda ni miongoni mwa zilizokwisha kufanya hivyo. Hata pale ambapo haujaridhiwa, hoja zake husaidia kumweleza mwamuzi kwa nini meseji iliyotumwa saa tano usiku bado ni jambo la kazini.

Hesabu siku kabla ya kuhesabu machungu

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wasome mara mbili. Kila sheria ina muda wa mwisho wa kuwasilisha mgogoro, na muda huo ni mfupi kuliko inavyotarajiwa. Tanzania, mgogoro kuhusu kuachishwa kazi unapaswa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Marekani, malalamiko ya ubaguzi hupelekwa kwenye tume ya shirikisho ya usawa wa ajira ndani ya siku 180, au 300 pale ambapo jimbo lina chombo chake. Afrika Kusini inatoa miezi 6 kwa shauri la ubaguzi lakini siku 30 tu ikiwa unapinga kuachishwa kazi. India inatoa miezi 3 kwa malalamiko ya unyanyasaji wa kingono mbele ya kamati ya ndani, na kamati inaweza kuongeza mingine 3 kwa sababu za msingi.

Mtego uliowanasa wengi ni kudhani kwamba saa husimama wakati malalamiko yakiendelea kushughulikiwa ndani ya kampuni. Kwa kawaida haisimami. Mwajiri anaweza kuunda kamati, kamati ikaahirisha vikao, mwenyekiti akasafiri, na siku zikaisha huku mlalamikaji akisubiri kwa adabu. Siku ya tukio, andika kwenye kalenda tarehe ya mwisho kwa mujibu wa sheria ya nchi yako, kisha jiwekee tarehe yako mwenyewe wiki mbili kabla yake. Ikifika hiyo ya kwako na ndani hakuna kilichoamuliwa, wasilisha mgogoro nje. Unaweza kuuondoa baadaye mkipatana. Ukiwa umekwisha kuchelewa, kuna maombi ya kuongezewa muda, ila utatakiwa kueleza sababu ya kila siku iliyopotea, na jibu la kwamba hukuijua sheria halipokewi kwa urahisi.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ushahidi ni mali. Weka daftari moja, la karatasi au la kielektroniki, ambalo halikai ofisini wala kwenye kompyuta ya mwajiri. Tofauti kati ya maandishi yanayosaidia na yasiyosaidia ni kubwa. Sentensi kama “ananidharau kila siku” haimwambii mwamuzi chochote cha kushika. Linganisha na hii ya mfano:

“Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa 4:20 asubuhi, chumba cha mikutano. Tulikuwapo msimamizi wa zamu, mimi na wenzangu wawili (majina yao). Nilipouliza kwa nini sikupangwa kwenye mafunzo, msimamizi alisema: ‘Wenye mimba hawafundishiki, subiri ujifungue kwanza.’ Mmoja wa wenzangu alicheka, mwingine aliinamisha kichwa. Nilijibu kwamba kauli hiyo si sawa. Nimeandika haya siku hiyohiyo saa 7 mchana.”

Kuna maneno yenyewe yaliyotamkwa, si tafsiri yake. Kuna walioshuhudia. Kuna saa ya kuandikwa, ambayo inampa mwamuzi sababu ya kuamini kwamba kumbukumbu hii haikutungwa baada ya ugomvi. Hata kile kicheko kina thamani yake, kwa kuwa shahidi akiulizwa miezi sita baadaye, jambo dogo kama hilo ndilo litakalomrudishia picha ya chumba. Andika pia ulichojibu, hasa katika unyanyasaji wa kingono, ambapo swali la kama tendo lilikuwa halitakiwi huulizwa mapema. Na kama hukujibu kitu kwa sababu ya hofu, andika hivyo hivyo, kwani kunyamaza mbele ya mwenye uwezo wa kukufukuza hakumaanishi kukubali.

Pamoja na daftari, hifadhi mkataba wa ajira, hati za mshahara, tathmini za utendaji, barua za pongezi na za onyo. Tathmini nzuri ya miaka mitatu mfululizo, ikifuatiwa na onyo la kwanza wiki moja baada ya kulalamika, inasema mengi bila wakili. Meseji usizinakili kwa mkono. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba au jina la mtumaji na tarehe, kisha itume kwenye barua pepe yako binafsi, na simu yenyewe usiitupe. Ila kuwa mwangalifu kwa mambo mawili. Kurekodi mazungumzo kwa siri kunaruhusiwa katika baadhi ya nchi na ni kosa katika nyingine, hivyo uliza kabla ya kubonyeza. Na usibebe nyaraka za siri za wateja au za wafanyakazi wengine kwa kisingizio cha ushahidi, maana utampa mwajiri sababu halali ya kukuadhibu na shauri lako litageuka kuwa lake.

Kuandika malalamiko ya ndani

Wapo wanaoona kuripoti ndani ni kumpa simba taarifa ya mbuzi. Ninaelewa hofu hiyo, lakini sheria nyingi zinaufanya ukimya kuwa hasara kwa mlalamikaji. Afrika Kusini inamwajibisha mwajiri kwa tendo la mfanyakazi wake pale ambapo jambo lilifikishwa kwake naye asichukue hatua. Na Mahakama ya Juu ya Marekani, katika maamuzi mawili ya mwaka 1998, iliwapa waajiri utetezi pale ambapo kuna utaratibu mzuri wa malalamiko na mfanyakazi hakuutumia bila sababu ya maana. Kwa maneno mengine, barua yako ndiyo inayomwondolea mwajiri kisingizio cha kutojua.

Anza kwa kuisoma sera ya mahali pa kazi. Kenya inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa tamko la sera kuhusu unyanyasaji wa kingono, na India inamtaka mwenye wafanyakazi 10 au zaidi kuunda kamati ya ndani. Ikiwa sera haipo, litaje hilo kwenye barua yako. Ikiwa sera inakutaka uripoti kwa msimamizi ambaye ndiye mtuhumiwa, peleka kwa aliye juu yake na ueleze sababu kwa sentensi moja.

Barua iwe fupi: nani, lini, wapi, nini, mbele ya nani, na unataka kifanyike nini. Litumie waziwazi neno “ubaguzi” au “unyanyasaji”, na utaje sababu inayolindwa na sheria, kama vile ujauzito, dini au kabila. Nalisisitiza hili kwa sababu ulinzi dhidi ya kulipiziwa kisasi unaegemea kwenye kuonyesha kwamba ulilalamikia jambo linalokatazwa na sheria. Barua inayosema tu kwamba hufurahishwi na uongozi haikupi kinga hiyo. Acha matusi, acha vitisho vya kwenda kwa waandishi wa habari, na usimtuhumu mtu kwa usilolijua. Mwombe anayeipokea aweke sahihi na tarehe kwenye nakala yako, au itume kwa barua pepe ili muda wake ujulikane. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, mpe mwakilishi nakala, na ukiitwa kwenye kikao uombe aambatane nawe.

Siku za baada ya kulalamika

Katika takwimu za tume ya shirikisho ya Marekani inayoshughulikia usawa wa ajira, madai ya kulipiza kisasi ndiyo yanayoongoza kwa zaidi ya muongo mmoja, kuliko ubaguzi wa aina yoyote mmojammoja. Sababu yake si ngumu kuielewa. Msimamizi ambaye kauli zake zilikuwa za kubahatisha na ngumu kuthibitisha hukasirika akishalalamikiwa, na hasira huacha alama: zamu hubadilishwa, posho hukatwa, tathmini hushuka ghafla. Kwa hiyo usilifunge daftari. Andika kila badiliko pamoja na idadi ya siku tangu ulipowasilisha barua, na lijibu kila onyo kwa maandishi ndani ya muda uliopewa, hata kama jibu ni la mistari minne.

Wakati huohuo fanya kazi kama kawaida na ufike kwa wakati, kwa kuwa uzembe mdogo uliokuwa ukivumiliwa jana utaandikwa leo. Usiache kazi kwa hasira. Ni kweli kwamba sheria, ya Tanzania ikiwamo, zinamtambua mfanyakazi aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri ameyafanya maisha kazini kuwa yasiyovumilika kana kwamba ameachishwa, lakini aliyeandika barua ya kujiuzulu ya kushukuru kwa ushirikiano mzuri atapata taabu kubwa kuthibitisha hilo. Kama afya au usalama wako hauruhusu kubaki, pata cheti cha daktari na utaje sababu halisi kwenye barua yako.

Shambulio la mwili, kubakwa au kutishiwa maisha si jambo la kusubiri kamati. Hayo ni ya polisi na hospitali siku hiyohiyo, kabla ya kuoga wala kubadili nguo inapowezekana, na hakuna sera ya kampuni inayoweza kukuzuia.

Mbele ya msuluhishi

Katika nchi nyingi mgogoro wa kazi hupitia usuluhishi kwanza, na hauhitaji wakili ili kuufungua. Kwa Tanzania ni kujaza fomu ya Tume, kumpa mwajiri nakala na kuthibitisha kwamba ameipokea. Kinachofaa kujulikana mapema ni nani anabeba wajibu wa kuthibitisha. Sheria ya Tanzania inamtaka mlalamikaji aonyeshe dalili za kutosha kwamba ubaguzi umefanyika, na baada ya hapo mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba haukufanyika au kwamba tendo lake linaruhusiwa. Kenya nayo inamtwisha mwajiri mzigo huo. Kwa hiyo usijaribu kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwa msimamizi. Panga matukio yako kwa tarehe kwenye ukurasa mmoja, weka kando yake ulinganisho na wenzako, kisha mwache mwajiri aeleze. Maelezo yanayobadilika, leo ufinyu wa bajeti na kesho utendaji duni, yana uzito mbele ya mwamuzi, na nafasi ya kuyaonyesha ni pale unapoweka barua zake mbili kando kwa kando.

Mashauri mengi huishia kwenye makubaliano. Kabla ya kusaini, hakikisha kiasi, tarehe ya malipo na makato ya kodi vimeandikwa, na kwamba barua ya utambulisho utakayopewa imeambatishwa ikiwa na maneno yake kamili. Soma kwa makini kipengele cha usiri: omba kiandikwe wazi kwamba hakikuzuii kutoa taarifa polisi, kuzungumza na daktari au familia, wala kutoa ushahidi kwenye shauri la mfanyakazi mwingine. Usisaini siku uliyoletewa hati. Omba usiku mmoja, na nakala ya kwenda nayo nyumbani.